Sura ya Tano: Akili Ndani ya Kamba Nne

Uthabiti wa akili ni uwezo wa mtu kuendelea kufikiri, kuchagua na kutenda kama alivyofunzwa hata pale mwili unapouma, hofu inapompanda na matokeo yanapoelekea kumkataa. Katika ndondi uwezo huo una uzito wa pekee, kwa kuwa huu ni mchezo ambao sheria zake zinamruhusu mpinzani kumwumiza mshindani, hauna mwenzi wa timu wa kumpokea mzigo anayechoka, na maamuzi yake mengi hufanywa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mbele ya umati unaoona kila kosa. Mkimbiaji wa mbio ndefu akilemewa hupunguza mwendo, na mchezaji wa kandanda akibanwa humpasia mwenzake mpira, lakini bondia aliyebanwa kwenye kamba hana msaada mwingine ila kichwa chake kilichotulia na mafunzo aliyoyatia akilini kabla ya kengele kulia.

Ni muhimu kutenganisha tangu mwanzo sifa tatu ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya. Ujasiri ni kuingia ulingoni licha ya hofu. Ukaidi ni kukataa kubadili mwendo hata ushahidi wote unapoonyesha kwamba mwendo huo ni mbaya. Uthabiti wa akili ni kujitawala, yaani kujua wakati wa kushambulia, wakati wa kujikinga, wakati wa kusubiri na, inapobidi, wakati wa kusimama. Bondia anaweza kuwa na ujasiri mwingi na uthabiti kidogo, na historia ya mchezo huu imejaa vijana wa namna hiyo, waliotoka mbio kwenye kona zao wakirusha makonde ya nguvu kisha wakaishiwa pumzi kabla ya raundi ya pili kufika nusu.

Sura hii inaangalia jinsi uthabiti huo unavyojengwa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, eneo linaloanzia Muthurwa, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Bahati, likapanda hadi Kariobangi, Dandora na Kayole, na ambalo kwa vizazi kadhaa limehesabiwa kuwa chemchemi ya ndondi za Kenya. Hoja yake ni kwamba uthabiti wa akili ni stadi inayofundishwa na watu kwa watu, mahali maalumu na kwa utaratibu maalumu, wala si zawadi inayotolewa na dhiki ya maisha.

Shida si mwalimu

Imani iliyoenea sana, mitaani na hata kwa baadhi ya wachambuzi wa michezo, ni kwamba kijana wa Eastlands huwa bondia mgumu kwa sababu maisha yamekwisha kumpiga kabla hajavaa glavu. Njaa, chumba kimoja cha familia nzima, kibarua kisicho na uhakika na mivutano ya vijana wa mtaa huu na ule huchukuliwa kuwa ndiyo mazoezi ya kwanza ya moyo. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa maana mtu aliyezoea taabu huenda asitishwe upesi na uchovu wa mazoezi, lakini kama maelezo ya ubingwa haisimami, na rekodi ya Kenya yenyewe inaipinga.

Kati ya Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na ile ya Seoul mwaka 1988, mabondia wa Kenya walitwaa medali saba. Philip Waruinge alipata shaba mwaka 1968 na fedha mjini Munich mwaka 1972, ambako Samuel Mbugua na Dick Murunga walipata shaba. Ibrahim Bilali akapata shaba mjini Los Angeles mwaka 1984. Na mjini Seoul Chris Sande akapata shaba huku Robert Wangila akitwaa dhahabu ya uzani wa welter, yaani kilo 67. Tangu hapo hadi Michezo ya Paris ya 2024, Kenya haijapata medali nyingine ya Olimpiki katika ndondi. Katika miaka hiyo yote dhiki haikuhama Eastlands: idadi ya watu iliongezeka, vibanda vikasongamana na kazi zikawa haba. Lau dhiki ndiyo ingekuwa inazaa mabingwa, medali zingeongezeka pamoja nayo. Kilichopungua ni vitu vingine, ambavyo ni mapambano ya mara kwa mara, uongozi uliotulia, safari za kupimana nguvu na mataifa mengine, na kumbi zenye vifaa na makocha wanaolipwa.

Mfano wa Waruinge na Mbugua unaongeza uzito wa hoja hii, kwani wote wawili walilelewa na ndondi za Nakuru, si za Nairobi. Walichokuwa nacho pamoja na wenzao wa Eastlands hakikuwa aina moja ya umaskini bali aina moja ya malezi ya kimchezo, yaani klabu, mkufunzi, ratiba na wapinzani wa kutosha.

Ukumbi kama darasa

Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika wa reli na wa manispaa, na mingine ilipewa ukumbi wa jamii, jengo la kawaida lililotumika kwa mikutano, ngoma, harusi na michezo. Kumbi za aina hiyo, kama ule wa Kaloleni, pamoja na klabu kama Dallas ya Muthurwa, ndizo zilizofanya ndondi ziwe mchezo wa mtaa. Haikuhitajika nyasi wala kiwanja kikubwa. Gunia la kupiga, kamba ya kuruka, kioo cha kupigania na kivuli na jozi chache za glavu za kugawana zilitosha kuanzisha darasa.

Ili kueleza kinachotokea katika darasa hilo, nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura inafaa sana. Mwaka 1977 Bandura alieleza dhana ya kujiamini kwa uwezo, yaani imani ya mtu kwamba anaweza kuitekeleza kazi fulani mahususi, ambayo ni tofauti na majivuno ya jumla. Alisema kwamba imani hiyo huchota kutoka vyanzo vinne: mafanikio ya mtu mwenyewe, kuwaona wengine wanaofanana naye wakifaulu, maneno ya kumtia moyo kutoka kwa watu anaowaamini, na namna anavyozifasiri dalili za mwili wake. Vyanzo vyote vinne vinapatikana katika ukumbi wa ndondi unaoendeshwa vizuri, na kimoja kinapokosekana bondia huonekana ana pengo.

Chanzo cha kwanza, mafanikio ya mtu mwenyewe, hutegemea hekima ya kocha katika kupanga ngazi. Anayeanza hapelekwi kupambana na mzoefu wa uzani wake ili apimwe moyo, kwa kuwa kipigo cha mapema humfundisha woga wala hakimfundishi ndondi. Huanza na kivuli, akaenda kwenye gunia, kisha akaingia kwenye spari, yaani pambano la mazoezi na mwenzake ambamo nguvu hupunguzwa ili ufundi uonekane, na hatimaye akaingizwa katika mashindano ya wanagenzi kabla ya kufika yale ya kati na ya wazi. Kila ngazi anayoipanda humwachia ushahidi alioupata kwa mikono yake mwenyewe, na ushahidi huo ndio anaourudia akilini siku ya pambano kubwa.

Chanzo cha pili ni mfano wa karibu. Wangila alizaliwa Nairobi mwaka 1967, na alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya Seoul, vijana wa kumbi za jiji waliona kwamba jambo lililodhaniwa kuwa la Wamarekani na Wacuba limefanywa na mtu anayezungumza kama wao. Uzito wa ushindi huo ulizidi kuonekana baadaye, Boudouani alipokuja kuwa bingwa wa dunia wa kulipwa, kwani ilidhihirika kwamba Wangila hakushinda kwa kupewa mpinzani dhaifu. Mfano wa namna hii haumwambii kijana kwamba atashinda, bali unamwondolea kisingizio kwamba haiwezekani.

Chanzo cha tatu ni neno la kocha, na hapa makosa ni mengi. Sifa zisizo na msingi huharibu kama vile matusi yanavyoharibu, kwa sababu bondia akigundua kwamba anadanganywa huacha kuliamini hata neno la kweli. Makocha stadi husema jambo moja linaloweza kufanyika, kama vile kuinua mkono wa kushoto au kutoka upande wa kulia, badala ya kumhimiza kijana awe mwanamume au aonyeshe roho. Chanzo cha nne, yaani tafsiri ya dalili za mwili, kinastahili maelezo ya peke yake.

Hofu na dakika moja ya kona

Kabla ya pambano moyo hudunda kwa kasi, viganja hutoa jasho, kinywa hukauka na tumbo huvurugika. Dalili hizi husababishwa na adrenali, homoni inayomwagwa katika damu mwili unapojiandaa kukabili hatari au kuikimbia, na hazimaanishi kwamba bondia ameshindwa. Kiasi fulani cha msisimko huo kinahitajika. Watafiti Robert Yerkes na John Dodson, waliofanya majaribio yao kwa panya mwaka 1908, waliweka msingi wa fikra kwamba utendaji huongezeka kadiri msisimko unavyopanda hadi kufikia kilele fulani, kisha huanza kuporomoka msisimko unapozidi. Bondia aliyepoa kupita kiasi huchelewa kuliona konde, na aliyepandwa kupita kiasi huona mbele tu kama anayechungulia tunduni, akasahau miguu yake na kubana pumzi.

Kwa hiyo kazi ya akili si kuifuta hofu bali kuiweka katika kipimo. Njia zinazotumika ni za kawaida na hujifunzwa kwa kurudiarudia: kupumua polepole kwa tumbo, kuwa na utaratibu uleule wa kufunga bendeji na kupasha mwili joto, kulichora pambano akilini pamoja na matatizo yake, na kuwa na neno fupi la kurudisha umakini pale mawazo yanapopotea. Spari inayofanyika mbele ya wenzake wanaopiga kelele, katika ukumbi uliojaa, ina faida ya kumzoesha bondia mazingira yatakayomkuta siku ya mashindano.

Utaratibu wa mchezo wenyewe hudai nidhamu hii. Pambano la ridhaa, yaani la mabondia wasio wa kulipwa, huwa na raundi tatu za dakika tatu kila moja, zenye mapumziko ya dakika moja. Tangu mwaka 2013 waamuzi hutoa pointi kwa kila raundi peke yake, ambapo mshindi wa raundi hupewa kumi na mwenzake tisa au pungufu. Maana yake ni kwamba raundi iliyopotea imekwisha kufungwa na haiwezi kurekebishwa kwa hasira. Aliyepoteza ya kwanza anapaswa kuiacha ilipo na kuzipigania mbili zilizobaki. Dakika ile moja ya kona ndiyo inayoamua. Katika sekunde za kwanza bondia hupumua, kisha husikia maagizo mawili au matatu tu, na mwishoni hurudia moyoni lile atakalolifanya kwanza. Asiyeweza kusikiliza akiwa amechoka hupoteza dakika hiyo, na mara nyingi hupoteza pambano pamoja nayo.

Subira ya miaka

Uthabiti haupimwi kwa dakika tisa za pambano pekee, kwa maana kazi ya bondia huchukua miaka na vikwazo vyake vingi viko nje ya ulingo. Stephen Muchoki wa Nairobi, bondia wa uzani mwepesi kabisa wa wakati huo, alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch mwaka 1974, na mwaka huohuo akashindwa katika fainali ya mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana. Mwaka 1976, alipokuwa katika kilele cha uwezo wake, Kenya ilijiunga na mataifa ya Afrika yaliyosusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal kupinga uhusiano wa kimichezo wa New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito ya haki, lakini gharama yake ilibebwa na wanamichezo waliokuwa wamejiandaa kwa miaka minne. Muchoki aliendelea kufanya mazoezi, na mwaka 1978 akatwaa ubingwa wa dunia mjini Belgrade, kisha dhahabu nyingine ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton.

Nick Okoth, mwanajeshi aliyeshiriki Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alirejea katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, miaka 13 baadaye, na akashindwa na Tsendbaatar Erdenebat wa Mongolia kwa tofauti ya mwamuzi mmoja, watatu dhidi ya wawili. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na maisha ya mabondia hawa yanaonyesha kwamba kukubali huko si kulegea: ni kuyapokea matokeo yalivyo ili nguvu zilizobaki zitumike kwa kazi inayofuata.

Wasichana wa Kariobangi

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba uthabiti hufundishwa umetoka kwa wanawake, ambao kwa muda mrefu hawakuhesabiwa kabisa katika ndondi za mitaa hii. Shirika la Boxgirls la Kariobangi, lililoanzishwa na kocha Alfred Analo Anjere na kukua katika kipindi cha machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, liliunganisha mafunzo ya ndondi na mafunzo ya kujilinda, haki na uongozi. Msichana aliyefunzwa kusimama wima, kumtazama mpinzani machoni na kusema kwa sauti kwamba hapendi jambo fulani, hubeba stadi hiyo hadi darasani, njiani na nyumbani.

Miongoni mwa waliopitia hapo ni Christine Ongare, aliyekuwa mama katika umri mdogo sana, na ambaye mwaka 2018 alipata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya ndondi katika michezo hiyo. Naye Fatuma Zarika, aliyekulia Mathare, alikwenda Flint, Michigan, tarehe 1 Oktoba 2016 na kumpokonya Alicia Ashley taji la dunia la WBC la uzani wa super bantam, kwa uamuzi uliowagawa majaji. Kushinda ugenini, mbele ya majaji wasiokubaliana, hudai bondia afanye kazi kwa usawa kutoka raundi ya kwanza hadi ya mwisho bila kutegemea shangwe za ukumbi. Zarika alilitetea taji hilo mara kadhaa, ikiwemo mara mbili jijini Nairobi, kabla ya kulipoteza kwa Yamileth Mercado nchini Mexico mwaka 2019.

Mipaka ya moyo mgumu

Sifa za uthabiti zikitajwa bila mipaka yake huwa hatari. Wangila, baada ya dhahabu ya Seoul, alihamia ndondi za kulipwa nchini Marekani. Mnamo Julai 1994 alipambana na David Gonzalez mjini Las Vegas. Mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya tisa, Wangila akaupinga uamuzi huo, kisha akapoteza fahamu na kufariki siku mbili baada ya pambano, akiwa na umri wa miaka 26. Moyo uliomfikisha kileleni ulimtaka aendelee, na mwamuzi ndiye aliyeona hatari ambayo bondia mwenyewe hakuweza kuiona. Somo lake ni kwamba bondia aliyepigwa kichwani si hakimu wa hali yake, kwa sababu kiungo anachokitumia kuamua ndicho kilichoumia. Ndiyo maana kanuni za ndondi za ridhaa humzuia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa na kushindwa kuendelea asishiriki mazoezi ya kupigana wala mashindano kwa siku zisizopungua 30, hata akisisitiza kwamba yuko sawa.

Mpaka wa pili ni kati ya uthabiti wa akili na afya ya akili. Conjestina Achieng, aliyewafungulia wanawake wa Kenya njia ya ndondi za kulipwa kimataifa katika miaka ya 2000, baadaye aliugua maradhi ya akili ambayo umma ulikuja kuyajua, na akalazwa hospitalini mara kadhaa. Ni kosa kudai kwamba bondia anayeugua alikuwa dhaifu, kama ilivyo kosa kudhani kuwa aliye mgumu ulingoni hawezi kuugua. Sononeko, wasiwasi na maradhi mengine ya akili huhitaji tabibu kama vile mfupa uliovunjika unavyohitaji, na klabu inayomwambia mgonjwa akaze moyo inamnyima tiba.

Wajibu wa walio nje ya ulingo

Kama uthabiti hujengwa na watu kwa utaratibu, basi unaweza kuimarishwa au kubomolewa na maamuzi ya watu. Kaunti ya Nairobi inapaswa kuzilinda kumbi za jamii zisigeuzwe maduka wala kumegwa na wanyakuzi wa ardhi, kwa kuwa ukumbi ukipotea darasa zima limepotea. Viongozi wa mchezo wanapaswa kuwapa vijana ratiba ya mapambano inayotabirika, maana hakuna anayeweza kujifunza kuitawala hofu ya pambano asilolipata. Makocha, ambao wengi wao hujitolea, wafundishwe dalili za mtikisiko wa ubongo na misingi ya saikolojia ya michezo, na wapewe nguvu ya kutupa taulo bila kulaumiwa na mashabiki. Wazazi nao, wanapompeleka mtoto wa kiume au wa kike katika ukumbi wa mtaa, waulize swali la kwanza ambalo ni la maana kuliko idadi ya vikombe vilivyo kabatini: je, kocha huyu hujua wakati wa kumsimamisha mtoto wao? Klabu isiyoweza kulijibu swali hilo haijawa tayari kufundisha ndondi.